Namna ya kuapdeti Linux bila kumaliza bando wala kuua mashine umeme ukikatika

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa ajili ya watu wa aina tatu ninaokutana nao sana hapa Dodoma. Kuna dada mwenye steshenari kule Ng'hong'honha anayechapa ripoti za wanafunzi wa UDOM, kuna mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari za Bahi na Chamwino ambaye ana mashine za mtumba zimepigwa Linux Mint kwa sababu Windows ilikuwa inazilemea, na kuna kijana wa Area C anayeendesha kaseva ka Ubuntu kwa ajili ya mfumo wa duka la mtu. Wote watatu wana ugonjwa mmoja, hawaapdeti. Mashine ilipigwa Linux siku ileile ilipofika na tangu hapo haijaguswa, na ukiwauliza kwa nini wanakutajia vitu viwili tu, bando na umeme.

Siwalaumu kiukweli, maana mafunzo mengi ya mambo haya yameandikwa na watu ambao intaneti yao haina kipimo na umeme wao haukatiki, wanakwambia andika hii, andika hii, bonyeza Y, kwisha habari. Kitu wasichokwambia ni kwamba kushusha pakeji (faili za programu) na kuziinstoli ni kazi mbili tofauti. apt, ile programu inayoshusha na kuinstoli pakeji, inazifanya kwa mpigo mmoja lakini unaweza ukazitenganisha, ukashusha usiku bando likiwa rahisi afu ukainstoli kesho yake mchana ukiwa na uhakika wa umeme. Karibu kila kitu ninachoandika hapa chini kinatoka kwenye hilo.

Naongelea ukoo wa Debian, yaani Debian yenyewe, Ubuntu na Mint. Wenye Fedora wana dnf, wenye Arch wana pacman, wazo ni lilelile ila komandi zao sitazigusa.

Kwanza jua una nini

Fungua teminali uandike:

cat /etc/os-release
uname -m

Ya kwanza inakupa jina na vesheni. Hii ni muhimu kwa sababu kila vesheni ina umri wake, ukishapita hakuna apdeti hata ungekuwa na bando la mwaka mzima. Ubuntu za LTS, zile zinazotoka mwezi wa 4 kila baada ya miaka 2 kama 22.04 na 24.04, zinapewa apdeti za usalama kwa miaka 5. Zile za katikati kama 23.10 ni miezi 9 tu, kwa hiyo kwenye ofisi au shule usiziweke kabisa. Ubuntu 20.04 muda wake wa kawaida uliisha Mei 2025, na bado naikuta kwenye steshenari nyingi. Kama ndo uliyonayo una njia mbili, uhamie 22.04 au ujiandikishe Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure mpaka mashine 5 na inausogeza huo umri hadi miaka 10. Mint nayo inafuata Ubuntu, Mint 21 imejengwa juu ya 22.04 na Mint 22 juu ya 24.04. Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 Agosti 2025.

Komandi ya pili ikikujibu x86_64 uko salama. Ikikujibu i686 una mfumo wa biti 32, na hapo kuna shida inakuja, maana Debian 13 haitoi tena keneli (kiini cha mfumo) wala insitola ya biti 32 na Ubuntu waliacha zamani. Ila usikimbilie kuitupa mashine. Andika lscpu uangalie ule mstari wa CPU op-mode, ukiona imeandikwa 32-bit, 64-bit basi prosesa yako inaweza biti 64, ni fundi tu alipiga mfumo wa biti 32. Nimezikuta za hivyo si kidogo.

Saa ya mashine, usiiruke hii

Mashine nyingi za mtumba zinakuja na ile betri ndogo ya kwenye mazabodi imeshakufa. Kila ukichomoa waya ukiwasha tena inadhani tuko mwaka 2012. Watu wanazoea, wanasema aah saa tu hiyo, kumbe apt inaangalia tarehe. Orodha za pakeji zinakuja na sahihi na tarehe yake, sasa mashine ikiona orodha imesainiwa "kesho" inaikataa, inakuandikia Release file is not valid yet, na wewe unaanza kuhangaika na intaneti ambayo haina kosa lolote. Angalia:

timedatectl

Kama imekosea (sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi, itataka paswadi):

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true

Usihangaike kutafuta Africa/Dodoma, makao makuu tumehamia lakini kwenye orodha ya majira hatumo. Afu nunua betri ya CR2032 ubadilishe, haina ufundi wowote.

Kuangalia kuna nini kipya

sudo apt update

Jina lake linadanganya watu. Hii haiapdeti programu hata moja, inaleta tu orodha mpya ya pakeji zilizopo kwenye repo, yaani ghala la pakeji la mtandaoni, ili mashine yako ijilinganishe. Hata hivyo orodha zenyewe zinakula bando, mara ya kwanza inaweza kuwa makumi ya MB, kwa hiyo usiipige kila saa kama vile unaangalia meseji. Wakati inakimbia utaona mistari inaanza na Hit, maana yake orodha uliyonayo bado ni ileile, Get maana yake inashusha mpya, na Err maana yake imegonga mwamba.

Err nyingi nilizoziona zinatoka kwenye repo za pembeni, zile PPA ambazo mtu aliziongeza akifuata video fulani ili apate programu moja, programu yenyewe hata hatumii tena na mwenye PPA ameshaitelekeza. Zipo kwenye folda hili:

ls /etc/apt/sources.list.d/

Usiyoitambua usiifute moja kwa moja, ibadilishe jina iishie na .disabled, apt itaipita. Kwenye Ubuntu 24.04 humohumo utakuta ubuntu.sources, hiyo usiiguse, ndo repo kuu. Zamani ilikaa kwenye /etc/apt/sources.list.

Kuna kitu kingine, kama wakati wa kupiga Ubuntu ulichagua majira ya Dar es Salaam utakuta repo yako inaanza na tz.archive.ubuntu.com. Ikiwa inasuasua ondoa hiyo tz. ibaki archive.ubuntu.com afu pima tena, wakati mwingine utofauti unauona palepale. Ila ukishachagua moja baki nayo.

Halafu:

apt list --upgradable

Hapo unaona orodha ya zinazosubiri. Zile zenye neno security ndo za haraka. Kwenye Mint unaweza kubonyeza kale kangao pale chini kulia ukaona kitu hichohicho kwa picha, na mwalimu asiyependa teminali anaweza kuishia hapo bila dhambi yoyote.

Kushusha bila kuinstoli

Dada mmoja aliwahi kunipigia, "Kaka, inasema inataka kushusha MB 900, nikubali au nikatae?" Jibu ni kukataa kwanza, maana ilikuwa saa nne asubuhi, wateja wamejaa, na bando lenyewe ndo lilelile analotumia kufungulia email za wateja. Bonyeza n, hakuna kitakachoharibika. apt siku zote inakuonyesha kiasi kabla haijaanza, tafuta mstari wa Need to get (kwenye Debian 13 umeandikwa Download size), huo ndo bando litakaloliwa. Mstari unaofuata ni nafasi kwenye diski, watu wengi wanaichanganya hiyo miwili.

Usiku ukifika:

sudo apt update
sudo apt upgrade -d

Hiyo -d ndo siri yenyewe. Inashusha kila kitu inakiweka kwenye /var/cache/apt/archives afu inasimama, haigusi programu hata moja. Umeme ukikatika hapa hupotezi chochote, ukirudi unapiga komandi ileile inaendelea ilipoishia, hata pakeji iliyokuwa nusu inamaliziwa ile nusu iliyobaki.

Kama mtandao wako wa simu una bando la usiku linaloanza saa sita na wewe saa sita umelala, iache mashine ijisubirie. Sema saa mbili usiku unafunga duka, unaunga hotspoti ya simu ya kubaki nayo pale, afu:

sudo sh -c 'sleep 4h; apt update && apt -y -d upgrade; poweroff'

Italala masaa manne, itashusha, ikimaliza inajizima. Hakikisha tu kwenye setingi za umeme umezima ile ya kujilaza mashine isipoguswa, la sivyo italala kweli na hiyo saa sita haitaiona. Na simu iwe kwenye chaji.

Kesho yake asubuhi usipige tena apt update kabla ya kuinstoli. Ukipiga, kuna uwezekano pakeji fulani imeshapata vesheni mpya zaidi tangu jana na apt itataka kuishusha upya, mchana, kwa bando la mchana.

Kuinstoli

Angalia LUKU kwanza. Sitanii, zimebaki yuniti ngapi? Mtu anaangalia betri, anaangalia bando, yuniti zimebaki 0.8 na friji ya soda inanguruma pembeni. Kama ni laptop iwe na chaji ya kutosha, kama ni desktop na una UPS vizuri, kama huna chagua muda ambao mtaani kwenu umeme huwa umetulia. Angalia na nafasi:

df -h / /boot

Kama /boot iko peke yake na imejaa asilimia 90 na kitu, safisha keneli za zamani kwanza kwa sudo apt autoremove --purge, maana keneli mpya ikikosa nafasi inaishia nusu na hiyo ndo mojawapo ya njia za haraka za kupata mashine isiyowaka. Kwenye Mint fungua Timeshift upige snepishoti moja. Inahifadhi faili za mfumo, sio dokumenti zako, hizo kopi kwenye flashi au diski ya nje mwenyewe. Sasa:

sudo apt upgrade --no-download

Hiyo --no-download inaizuia isiende intaneti kabisa. Unaweza hata kuzima waifai uone, inainstoli kutoka kwenye zile za jana usiku, dakika chache imemaliza.

Katikati inaweza kusimama na kukuuliza kuhusu faili la setingi, inasema faili fulani umelibadilisha wewe na pakeji mpya imekuja na la kwake, uchague. Watu wanaogopa hapa wanabonyeza Y ili ipite. Usifanye hivyo kama hujui. Ukibonyeza Enta tu inachagua N, yaani inabaki na setingi zako, na faili jipya inalihifadhi pembeni kwa jina linaloishia na .dpkg-dist ulisome kwa muda wako. Bonyeza D kama unataka kuona tofauti. Kwa yule kijana wa seva hili ni la kuliangalia kwa makini, maana setingi za hifadhidata ya duka ziko humo na ukibonyeza Y hovyo kesho mwenye duka anakupigia mfumo haufunguki.

Ukiona imeandika baadhi zimekuwa kept back au deferred due to phasing, tulia. Ubuntu huwa wanaachia baadhi ya apdeti kwa awamu, leo wanapewa wachache, ikionekana haina madhara wanapewa wengine. Zamu yako itafika. Usilazimishe kwa full-upgrade kwa sababu ya hasira tu, maana hiyo inaruhusiwa kuondoa pakeji nyingine ili ipate njia. Ukiitumia, soma orodha ya zitakazoondolewa kabla ya kukubali. Ukiona inataka kuondoa eneo lote la kazi, mfano cinnamon au ubuntu-desktop, kataa.

Baada ya hapo:

ls /var/run/reboot-required

Faili hilo likiwepo restati mashine, keneli au kitu kingine kikubwa kimebadilika. Lisipokuwepo endelea na kazi. Kwenye Debian wakati mwingine faili hili haliundwi, kwa hiyo ukiona keneli imo kwenye orodha we restati tu.

Umeme ukikatika katikati ya kuinstoli

Imetokea. Usipanik na usimwite mtu akupigie Linux upya, nimeona mashine zimefutwa dokumenti zote kwa tatizo la komandi mbili. Washa. Ikiwaka kawaida:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia pakeji zilizokuwa zimefunguliwa lakini hazijapangwa, ya pili inatafuta zilizokosa wenzao inawaleta. Mara nyingi kazi imeishia hapo.

Isipowaka kawaida, iwashe tena ukiwa umeshikilia Shift, au kwa mashine mpya za UEFI gongagonga Esc, mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee. Ingia Advanced options, chagua keneli ya zamani, ile ya namba ndogo. Ndo maana mashine huwa inabaki na keneli zaidi ya moja, na ndo maana usizifute zote kwa kutaka nafasi. Ikigoma hata hiyo chagua recovery mode, ingia root, andika:

mount -o remount,rw /
dpkg --configure -a

Ule mstari wa kwanza ni wa lazima, bila huo diski inasomeka tu haiandikiki, utaletewa makosa mpaka uchoke.

Kosa jingine linalofanana na hili lakini silo ni Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. Hapo hakuna kilichoharibika, ni kwamba kuna apt nyingine inafanya kazi, mara nyingi ni ile ya kujiendesha yenyewe inaitwa unattended-upgrades. Kuna ushauri umeenea sana wa kufuta lile faili la lock. Usifute. Ni sawa na kumnyang'anya daktari mkasi katikati ya upasuaji. Kanywe chai urudi.

Kwa mwalimu mwenye maabara

Hapa ndo kwenye faida kubwa na ndo watu wanapoteza GB za bure. Una mashine kumi na tano zenye Mint ileile, kila moja inataka MB 600, zote zinashusha vitu vilevile kutoka Ulaya mara kumi na tano. Hiyo ni GB 9 kwa kazi ya MB 600. Njia rahisi kabisa ni flashi. Mashine moja ishushe kwa -d, kabla hujainstoli kopi faili zote za .deb kutoka /var/cache/apt/archives uziweke kwenye flashi, nasema kabla kwa sababu komandi ya apt ikishamaliza kuinstoli inazifuta hizo faili yenyewe. Kwenye mashine nyingine piga apt update, kisha:

sudo cp /media/*/*/*.deb /var/cache/apt/archives/
sudo apt upgrade

Utaona Need to get imeshuka mpaka karibu na sifuri. Sharti vesheni ya mfumo iwe ileile na zote ziwe biti 64.

Njia nzuri zaidi kama mashine zimeungwa na swichi au ruta moja ni apt-cacher-ng. Chagua mashine moja nzima, yenye diski yenye nafasi, mfano ya mwalimu, ipe IP isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, afu:

sudo apt install apt-cacher-ng

Hiyo tayari inasikiliza kwenye poti 3142, haihitaji setingi nyingine. Kwenye mashine za wanafunzi tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy uweke mistari hii miwili:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Sasa mashine ya kwanza ikiomba pakeji, ile ya mwalimu inaishusha na kubaki na kopi, za pili mpaka ya mwisho zinaipata kwa kasi ya waya wa ndani. Mstari wa pili unasaidia repo za https zipite moja kwa moja, bila huo utapata makosa ya 403 kwenye repo kama hizo za Google Chrome. Mtu atauliza, mbona repo za Ubuntu na Debian zinatumia http tupu, si mtu anaweza kuchezea pakeji njiani? Hapana, usalama wake hauko kwenye njia, uko kwenye sahihi, mashine inahakiki orodha kwa funguo ilizonazo na pakeji yoyote iliyochezewa inakataliwa. Ndo maana hata hako kakeshi kanaaminika.

Ukifungua brauza kwenye http://192.168.1.10:3142/acng-report.html unaona imeokoa kiasi gani, mpelekee mkuu wa shule siku ya kuomba bajeti. Angalizo tu, mashine ya mwalimu ikiwa imezimwa nyingine zote zitagoma kuapdeti. Weka alama ya // mwanzoni mwa mistari hiyo miwili kama unataka kuizima kwa muda.

Vinavyokula bando kimyakimya

Ubuntu ikipigwa tu, inakuja na tabia ya kuangalia apdeti kila siku na kuinstoli za usalama yenyewe. Kwa mtu wa faiba ni jambo jema sana na nashauri aiache. Kwa mtu wa hotspoti, iambie mashine kwamba hii laini inapimwa:

nmcli connection modify "JinaLaWaifai" connection.metered yes

unattended-upgrades inaheshimu hilo. Ukitaka kupunguza zaidi fungua /etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades, palipo na "1" weka "7", itafanya kwa wiki badala ya kila siku. Usiweke "0" kama unajijua we ni wa kusahau.

Snap, mfumo mwingine wa pakeji wa Ubuntu, ni mwenyewe na mambo yake. Kwenye Ubuntu 22.04 na zinazofuata Firefox inakuja kama snap, haipiti kwenye apt wala kwenye apt-cacher-ng, na snapd inaangalia apdeti mara 4 kwa siku. Ikiapdeti Firefox inaweza kula mamia ya MB. Ipe amri isubiri ukiwa kwenye laini inayopimwa:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Afu usiku wa bando piga sudo snap refresh mwenyewe. Kwa maoni yangu hii ndo sababu moja kubwa ya kuweka Mint kwenye shule badala ya Ubuntu, Mint hawaji na snap na Firefox yao ni pakeji ya kawaida, inakopika kwenye flashi na kukeshika kama nyingine.

Pakeji usiyotaka iguswe

Kuna mashine ambazo kitu kimoja kikibadilika mtu anakosa hela ya siku. Hifadhidata ya mfumo wa duka ni mfano, unataka uiapdeti Jumapili duka limefungwa, sio Jumamosi jioni. Ishikilie:

sudo apt-mark hold mariadb-server
apt-mark showhold

Kuiachia ni unhold. Usizidishe, na vitu vya usalama wa mawasiliano kama openssl au openssh usivishikilie kamwe. Mwaka 2014 lile tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL liliruhusu mtu wa mbali kusoma kumbukumbu ya seva, ikiwemo paswadi, na hatua ya kwanza ya tiba yake ilikuwa apdeti. Na usiende upande wa pili ukaanza kukimbiza vipya kuliko vyote kwa kuongeza repo za majaribio. Machi 2024 ilipogundulika kwamba xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 zimepandikizwa mlango wa nyuma, ziliingia Debian ya majaribio, lakini waliokuwa kwenye Debian stable hazikuwafikia.

Apdeti ikikuharibia kitu, usikisie. Fungua /var/log/apt/history.log, kila kilichoguswa kimeandikwa na saa yake, vesheni ya zamani na mpya. Ukimjua mhusika piga apt policy jina-la-pakeji uone vesheni zipi bado zipo kwenye repo, afu sudo apt install jina=vesheni kuirudisha, na uishikilie mpaka watoe iliyorekebishwa.

Kuhama vesheni nzima

Hii ni kazi ya siku nzima, usiianze saa kumi jioni. Huwezi kuruka, 20.04 inaenda 22.04 kwanza ndo 24.04. Tenga GB kadhaa, kopi dokumenti zote nje ya mashine, maliza apdeti zote za kawaida, restati, achia ulizoshikilia, afu:

sudo do-release-upgrade

Repo za pembeni itazizima yenyewe, utaziwasha baadaye moja moja ukihakikisha zina vesheni mpya. Mint wao wana kifaa chao cha mintupgrade, na Debian unabadilisha majina kwenye sources, bookworm (Debian 12) kuwa trixie (Debian 13), kisha apt update, apt upgrade, na mwisho apt full-upgrade. Kama unafanya kwenye seva ya mbali kwa ssh ingia ndani ya tmux (programu inayoshikilia teminali yako) kwanza ili mtandao ukikatika kazi isife, do-release-upgrade yenyewe inafungua screen (kitu kama tmux) na poti ya dharura 1022 kwa ajili hiyo, lakini ukiwa na ukuta wa moto poti hiyo haitapitika mpaka uifungue.

Kwa maabara ya shule mimi sipendi kuhamisha mashine moja moja hivi. Kopi kazi za wanafunzi, piga vesheni mpya kwa flashi kwenye mashine zote wakati wa likizo, weka lile faili la 00proxy, apdeti kutoka kwenye mashine ya mwalimu. Ni haraka zaidi na bando linaliwa mara moja. Ukimaliza, rudisha nafasi:

sudo apt autoremove
sudo apt clean

Ya pili usiipige kama bado hujakopi zile .deb kwenye flashi.